Pua ya Shangazi

Kijana alinishika kidevu kwa vidole viwili, akageuza uso wangu kushoto, kisha kulia, kama mama anayekagua nyanya kabla ya kuuliza bei.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, karibu na Rond-point Chukudu, pale penye ile sanamu ya rangi ya dhahabu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Motari wangu, dereva wa pikipiki, alikuwa amezima injini na kuweka miguu yote miwili chini. Wenye bunduki walikuwa wawili. Mmoja alikuwa anavuta sigara, mwingine ndiye aliyenishika kidevu.

"Wewe ni wa wapi?"

Nikasema wa hapa Goma. Nikataja na mtaa, Katindo.

"Nimekuuliza, wewe ni wa wapi."

Mtu wa hapa anajua kwamba hayo ni maswali mawili. La kwanza unalijibu kwa jina la mtaa. La pili unalijibu kwa jina la babu.

Nikamwaga Kiswahili cha Birere, kile cha haraka kinachomeza nusu ya maneno, maana saa kama ile ulimi ndio kitambulisho. Motari naye akadakia: "Huyu ni wa hapahapa, mkubwa. Namjua tangu zamani." Hakuwa ananijua hata kidogo. Tulikuwa tumekutana robo saa iliyopita, tukagombana kuhusu franka mia tano. Mvuta sigara akachoka, akamwambia mwenzake, "Acha huyo mama aende."

Tukaenda. Nilipofika nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni, nikaona kwamba natabasamu.

Ndiyo. Nilikuwa natabasamu.

Tangu nina miaka kumi na sita, kila mtu aliyeukodolea macho uso wangu kwa muda ule alikuwa na swali moja tu: huyu ni mwanamume au mwanamke? Yule kijana hakuliuliza. Kwake lilikuwa limekwisha kabla hata pikipiki haijasimama. Mwenzake akaniita mama, tena bila kejeli, kama anavyomwita mama yeyote.

Nililala na furaha hiyo. Asubuhi nikaikuta imechacha. Leo ni wiki ya sita, na kila nikijaribu kuandika kitu kingine, harufu yake inanirudia.

Baba amepaka wanja

Sitaeleza tena nilivyojua kwamba mimi ni mwanamke. Mnaonisoma tangu mwanzo mnajua, na anayeingia leo aniamini tu, tuendelee.

Nitaeleza pua, ile niliyokwenda kuifanyia upasuaji Istanbul, kwa sababu wengi mliniuliza: kwa nini pua, mbona kuna mengi yanayoonekana zaidi? Homoni zinalainisha ngozi, zinahamisha mafuta ya mwili, zinaotesha matiti. Lakini mfupa wa mtu mzima hauzisikii. Gegedu nalo halizisikii. Vidonge vilinifanyia vilivyoweza, vikafika puani vikagonga mwamba.

Na pua yenyewe ilikuwa ya marehemu Baba. Pana kuanzia katikati ya macho, nzito kwenye ncha, imekaa usoni kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake. Baba alikuwa mtu mwema, sina kesi naye. Ila kila asubuhi kwenye kioo alikuwa anatangulia yeye, mimi nafuata nyuma. Nikipaka wanja, ni Baba amepaka wanja. Nikivaa hereni, namwona Baba na hereni, tena anaona aibu kwa niaba yangu.

Nililipia pua kwa likirimba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, wote wa biashara ya nguo, na zamu yangu ilipofika mara ya nne sikununua mzigo. Wenzangu walidhani nimenunua.

Mzigo wa Laleli

Niliichagua Istanbul kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndio mji unaotengeneza pua za watu kama Goma inavyotengeneza chukudu: mafundi ni wengi, bei zinashindana, kila mtu ana binamu aliyewahi kwenda. Ya pili ndiyo iliyonipa usingizi. Wamama wa kwetu wanakwenda Istanbul kila mwezi kuchukua nguo Laleli. Mtu wa Goma akisema anakwenda Istanbul, anaulizwa jambo moja tu: utarudi lini na umeniletea nini.

Kuna kichekesho hapa, nacho si cha kuchekesha sana. Uturuki, mtu anayetaka upasuaji wa kubadili jinsia yenyewe lazima kwanza apate ruhusa ya mahakama. Maandamano ya Pride mjini Istanbul yamekuwa yakipigwa marufuku kila mwaka tangu 2015. Lakini pua haina mahakama. Pua ni biashara. Unaweza kuingia na pua ya baba yako na kutoka na pua ya mwigizaji, na hakuna jaji atakayekuuliza kitu, mradi dola zako ni mpya na hazijachanika pembeni. (Hilo la dola lilinifanya nijisikie niko nyumbani.)

Nilisafiri Februari 2024. Wanaokumbuka mwezi ule hapa kwetu wanajua naanza kuona aibu sehemu gani. Vita ilikuwa imefika Sake, mlangoni pa Goma. Barabara ya kuingia mjini ilikuwa imejaa watu wenye magodoro vichwani na watoto migongoni, na mimi nilikuwa naelekea upande wa pili, Grande Barrière, mpaka wa Rwanda, na sanduku tupu la magurudumu na dola 4,200 zilizoshonewa ndani ya sidiria. Mama mmoja aliyebeba kuku chini ya kwapa aliniangalia, akaliangalia sanduku, akadhani nami nakimbia. "Heri wewe, una pasipoti," akasema.

Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina.

Neno moja la Kifaransa

Kiswahili kimenilea vizuri kuliko watu wengi. Mama yangu ananisengenya kwa dada zake kwa saa nzima na haimlazimu kuchagua kama mimi ni wa kiume au wa kike. "Amekuja, amekula, amelala." Mtu ni mtu. Mgogoro wetu wote nyumbani umeweza kuishi miaka kumi chini ya herufi "a".

Kwenye kliniki hakukuwa na Kiswahili. Kulikuwa na daktari anayesema Kituruki na mkalimani, mama wa Kialgeria mwenye miwani shingoni, anayesema Kifaransa. Pasipoti yangu ilikuwa mezani mbele yao, na kwenye pasipoti kuna M. Nilikuwa nimevaa koti kubwa na kofia ya sufu. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Mkalimani akaanza: *il*, yaani yeye wa kiume, anasumbuliwa na pua, *il* angependa ipungue.

Nilikuwa nimepanga kunyamaza. Niwaachie waamini wanachotaka, nitoe pesa, nitoke na pua. Lakini nikaona daktari anaandika, nikaelewa kitu ambacho nilipaswa kukielewa tangu Goma: anachora pua ya mwanamume. Nadhifu, imepunguzwa, ya mwanamume. Nikinyamaza nitalipa likirimba la miaka minne kuwa mwanamume mwenye pua nzuri.

"*Elle*," nikasema. Yeye wa kike.

Mkalimani akanyamaza.

"*Elle* angependa," nikarudia. Sauti ilinitoka kama ya mtu anayetaja jina lake mahakamani.

Yule mama akavaa miwani yake. Akanitazama, akaitazama pasipoti, akanitazama tena. Kisha akamgeukia daktari akaanza upya, polepole, na ingawa sijui Kituruki, nilisikia sentensi inakuwa ndefu kuliko ile ya mwanzo. Daktari akafuta alichochora. Alisema tu "tamam", yaani sawa, kama fundi aliyeambiwa kwamba mlango unafungukia ndani badala ya nje.

Nilikuwa nimeiogopa dakika ile kwa miaka kumi na tano. Ilichukua sekunde kumi.

Nyuzi 86

Kesho yake wakanionyesha pua yangu mpya kwenye kompyuta.

Vitabu vya fani hii vina hesabu zake. Pembe iliyo kati ya mdomo wa juu na sehemu ya chini ya pua, kwa mwanamume ni nyuzi 90 hadi 95. Kwa mwanamke ni 95 hadi 110, maana yake ncha imenyanyuka kidogo. Mgongo wa pua wa mwanamke unatakiwa kuwa mwembamba na uwe umebonyea kidogo kwenda ndani. Vipimo hivyo, kwa sehemu kubwa, vilianzia kwenye nyuso za Wazungu, na daktari alikiri hilo mwenyewe bila shida yoyote. Alisema ngozi yangu nene na mgongo wangu wa pua ulio chini vitahitaji kazi ya ziada ili kufika huko.

Kufika huko.

Aliyekuwa kwenye kompyuta alikuwa mwanamke, hilo sibishi. Mwanamke mzuri kabisa, wa mahali ambako sijawahi kufika. Baba alikuwa ameondoka, kweli, lakini alikuwa ameondoka na watu wote wa nyumbani.

Jioni hotelini nilifungua mizigo ya wapwa zangu. Nilikuwa nimewanunulia vifaa vya hesabu, vile vya kwenye kikopo cha bati. Nikatoa kipimapembe cha plastiki. Kwenye simu nina picha ya shangazi yangu, dada yake Baba, aliyopigwa kwa upande kwenye harusi ya 2019, anamcheka mtu ambaye haonekani. Nikaikuza. Nikaweka kipimapembe juu ya kioo cha simu, nikafumba jicho moja.

Nyuzi 86.

Kwa kitabu chao, shangazi yangu aliyezaa watoto sita ni mwanamume, tena mwanamume aliyepitiliza.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimeona nilichokuwa nakitafuta. Shangazi ana pua ya ukoo, ileile ya Baba, mabawa yaleyale. Lakini kwake mgongo umepanda kidogo, umekuwa mwembamba juu, na katikati una kinundu kidogo kama kifundo cha kidole. Nikajiambia: hivi ndivyo pua yetu inavyokuwa ikimkalia mwanamke. Huyu ndiye.

Kesho yake nikampa daktari simu.

"Huyu ni nani?"

"Mwanamke," nikasema. Mkalimani akatafsiri bila kutabasamu, Mungu ambariki.

Daktari akaangalia kwa muda mrefu. Akagusa kinundu kwa ncha ya kalamu. "Wanawake wanakuja kwangu kutoka nchi thelathini kuondoa hiki."

"Mimi nimekuja kukiweka."

Tulipatana hivi: angeinua mgongo wa pua kwa gegedu la ubavu wangu mwenyewe, angepunguza ncha, na angeniachia kivuli cha kinundu, kivuli tu. Mabawa asingeyakata. Nina kovu lililovimba nyuma ya sikio la kushoto tangu nilipotoboa nikiwa na miaka kumi na tisa, na aliposhika lile kovu akatikisa kichwa: ngozi inayofanya hivi sikioni inaweza kufanya hivi usoni. Kwa hiyo mabawa ni ya Baba mpaka leo. Nimeyazoea.

Swali la rafiki yangu

Kuna rafiki mmoja alijua. Usiku wa kuamkia upasuaji alinipigia, tukaongea ya mvua, ya bei ya makaa, halafu akauliza: "Lakini wewe una tofauti gani na wanaojichubua?"

Nikakasirika. Nikamwambia hajaelewa kitu. Nikakata simu, nikalala macho.

Maana swali lilikuwa halali. Pua yangu ilikuwa inakwenda kupanda juu na kuwa nyembamba. Kwa jicho la mtu anayepita barabarani, hiyo ni pua inayokimbia Afrika, imevaa kitenge ili isitambulike. Nilikuwa na picha ya Shangazi ya kujitetea nayo, lakini hakuna anayetembea na picha ya shangazi yake imebandikwa kifuani.

Na kwa mtu wa Kivu kuna zaidi ya hapo. Sihitaji kuwaeleza kwamba huku kwetu pua inasomwa. Wabelgiji walipima pua za watu kwa vyuma, wakaandika kabila kwenye vitambulisho vya Rwanda miaka ya 1930, na baada ya wao kuondoka na vyuma vyao tuligundua kwamba tunaweza kupima kwa macho tu. Novemba 2023, miezi mitatu kabla sijasafiri, kundi la watu mjini humuhumu lilimuua mwanajeshi wa jeshi la taifa, Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, wale ambao watu hudai kuwatambua kwa pua ndefu na nyembamba. Aliyevaa sare yetu. Nililijua jambo hilo. Nililijua nikiwa kwenye kiti cha daktari namwambia apandishe mgongo wa pua.

Nililijua na sikulifikiria, na hayo mawili yanaweza kukaa katika kichwa kimoja.

(Msomaji wa Goma tayari anataka kujua kabila langu. Sisemi. Ndilo swali la yule kijana, na nililikimbia kwa pikipiki.)

Ubavu

Upasuaji ulichukua saa nne. Kilichoniuma nilipoamka haikuwa pua. Pua ilikuwa imekufa ganzi na kuzibwa kama dirisha la nyumba ya kupanga. Kilichoniuma ni ubavu wa kulia. Kukohoa ilikuwa mateso, na kucheka ilikuwa mateso zaidi, na mimi nilikuwa nacheka kwa sababu nilikuwa nimekumbuka Mwanzo sura ya 2. Mchungaji wetu ameihubiri sura ile kila harusi: usingizi mzito, ubavu, mwanamke. Hakuwahi kusema kwamba inaweza kufanyika kwa mtu mmoja.

Siku saba za plasta ngumu. Unalala umekaa, mito mitatu mgongoni. Unapumua kwa mdomo mpaka ulimi unakuwa gome la mti. Chafya ikija unafungua mdomo wote na kumwomba Mungu. Macho yalikuwa meusi kwa chini, na wiki ya kwanza ukiniuliza kama ninajuta ningesema ndiyo kabla hujamaliza swali.

Chumba cha jirani pale hotelini alikuwepo mama wa Bukavu, mfanyabiashara, mizigo imejaa mpaka mlangoni. Aliniona kwenye korido. "Pole na ajali, mama," akasema, na jioni akaniletea supu ya kuku aliyoipika kwenye jiko dogo la umeme ambalo hoteli inalikataza. Alikuja siku nne mfululizo. Sikumsahihisha. Nililichukua lile neno, ajali, nikarudi nalo Goma, na ndilo nililowapa wote: teksi, Istanbul, barabara ya utelezi. Mama yangu alilia kwenye simu. "Pole, papa," aliniambia, kama anavyoniita tangu nikiwa mdogo, na alikuwa ananihurumia kwa dhati kwa jambo ambalo halikutokea.

Hilo pia liko kwenye hesabu zangu za usiku.

Kwenye mpaka, wakati wa kurudi, afisa aliangalia picha ya pasipoti kwa muda. "Huyu ni wewe?"

"Ni mimi kabla ya ajali."

"Ajali imekutengeneza," akasema, akacheka kwa sauti, akagonga muhuri.

Dawati la mbele

Sasa nifike kwenye kile kilichochacha.

Darasa la tano tulikuwa na msichana aliyekaa dawati la mbele yangu. Alikuwa na akili za hesabu na pua ile ambayo wavulana waliiita ndefu. Walikuwa na wimbo wao wa kumwambia arudi kwao. Kwao kulikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa amezaliwa pale.

Mimi nami nilikuwa na wimbo wangu, walioniimbia kwa sababu ya mwendo wangu na mikono yangu. Hawakuweza kuimba nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Siku walipomwimbia yeye, mimi nilipumzika.

Na niliimba.

Si mara moja. Niliimba kwa sauti kuliko wengine, niliongeza na ubeti. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa nimeshajifunza kwamba macho ya watu ni kama tochi: yakimmulika mwenzako, wewe uko gizani, salama.

Sijui aliko sasa. Familia ile ilihama usiku mmoja, na hakuna aliyeuliza.

Lile tabasamu la kitandani, na viatu miguuni, nimelitambua. Ni pumzi ileile ya darasa la tano. Tochi ilikuwa imehama kutoka kwenye swali langu kwenda kwenye swali lake, na safari hii ilikuwa imehama ikiwa juu ya uso wangu mwenyewe, nami bado nilifurahi. Nilivaa kwa dakika tatu kitu ambacho yeye alikivaa tangu kuzaliwa, nikatoka nacho mzima kwa sababu motari alidanganya kwa ajili yangu. Kwake yeye hatukudanganya. Tuliimba.

Pua haina kosa. Uvimbe umeshuka sana, ncha bado ngumu kidogo. Daktari alisema kwa ngozi kama yangu nisubiri mwaka na zaidi. Asubuhi kwenye kioo natangulia mimi. Ningeulizwa leo kama ningeifanya tena, ningeifanya tena kesho asubuhi. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba nilikwenda mbali kiasi kile ili nisisomwe vibaya, na mimi mwenyewe ni msomaji wa zamani.

Kituku

Tangu nirudi nilikuwa namkwepa Shangazi. Miezi minane. Mtu ukimwibia kitu huendi kumtembelea umekivaa.

Jumamosi iliyopita nikaenda. Anauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, pale Kituku, amekaa kwenye jiwe la makoro, jiwe la volkano, ambalo limeshakuwa laini kwa miaka aliyolikalia. Boti zilikuwa zimefika, kelele tupu. Aliniona kwa mbali. Hakusema kitu. Akampimia mteja, akapokea franka, akazikunja, akazifunga kwenye ncha ya kitenge. Ndipo akaniangalia, kwanza usoni, kisha akaegemea upande ili anione kwa ubavuni.

"Mama yako aliniambia ajali."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ajali gani inampa mtu pua ya mtu mwingine?"

Nikachuchumaa kando yake, nikamwambia. Picha ya harusi, kipimapembe, ubavu. Nikamwambia nilitaka pua ya mwanamke wa kwetu, si ya kompyuta. Nikamwambia na ya Rond-point. Maneno mengine sikuyataja na yeye hakuyauliza. Aliendelea kupanga sambaza kwa mkono mmoja, kama anavyofanya akiwa anasikiliza.

Nilipomaliza alicheka mpaka muuza ndizi akageuka.

"Hii?" Akajishika pua. "Hii si ya ukoo. Mimi na baba yako tulikuwa na pua moja, watu walituita mapacha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikapanda chukudu ya mjomba, mteremko wa Kibumba, kile kipande cha tairi cha breki kikachomoka. Nikatua na uso kwenye makoro." Akaonyesha kwa kiganja, uso unavyokwenda chini. "Lopitali iko wapi? Bibi alinikanda na maji ya moto. Mfupa ukajiunga wenyewe, ukapanda hivi."

Sikupata la kusema.

"Umelipa ngapi?"

Nikamtajia.

"Kwa chukudu!" Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, ile isiyo na pesa. "Mtoto wa kaka yangu, ungeniambia. Kibumba si mbali."

Kisha akatulia. Akasema kwamba tangu anguko lile, kila vita inapokuja anatokea mtu wa kumshika uso na kumuuliza kama mama yake alitoka ng'ambo ya mpaka. Mama yake, bibi yangu, ndiye aliyemzaa na Baba, na Baba hakuwahi kuulizwa hata siku moja.

 

"Na unawajibu nini, Shangazi?"

Akafukuza nzi juu ya sinia.

"Nawaambia natoka kwenye chukudu."

Mteja alikuwa amesimama. Shangazi akaniambia nisogee kidogo, nimewazibia watu sambaza.